Meza Isiyoshuka

Shangazi yangu Dorka tulimzika Jumamosi iliyopita, nje ya ua. Ninaliandika hilo mwanzoni kabisa ili anayesoma ajue kwamba nina hasira, asije akadhani huko mbele kwamba nimetulia kwa sababu nimetaja samaki au nimecheka kidogo. Kucheka nitacheka, hiyo ni tabia yangu mbaya tangu shuleni. Lakini kaburi liko nje ya ua, hatua tisa kutoka kwenye ojuok, ile mimea ya utomvu mweupe tunayoizungushia boma. Nilizihesabu hatua hizo kwa viatu vyangu vya kanisani huku mchungaji akituambia kwamba mama yetu sasa amelala nyumbani kwao. Nyumbani kwao wapi? Binti aliyeolewa akarudi hazikwi ndani ya boma la baba yake. Ndivyo wazee wanavyosema, na mzee aliyelisema safari hii ni kaka yake mwenyewe, Baba Mkubwa Nahashoni, ambaye amefika umri wa kusahau jina la mbwa wake lakini hajasahau ua wake unapita wapi. Alinyoosha bakora, akaonyesha pale nje, wachimbaji wakaanza. Mimi nilikuwa nimesimama nimeshika sahani. Kila jambo kubwa linapotokea katika ukoo huu, mimi huwa nimeshika sahani.

Lazima niseme kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Naishi Migosi, hapa Kisumu, na nikivuka tu Kondele kwenda mjini nafunga kitambaa kichwani kama anayekwenda kuhiji. Majirani wananitania kwamba siku ya mwisho malaika atabidi aje mlangoni, kwa kuwa mimi sitatoka. Kwa hivyo naona ni mzaha wa Mungu kwamba mwaka ulionitengeneza, ule ninaoukumbuka kwa harufu na kwa sauti, niliutumia kutafuta mguu wa meza ya nyumba inayotembea. Nilikuwa na miaka ishirini, cheti cha kidato cha nne kwenye bahasha ya kaki, na kazi sina. Ya wazazi wangu niyaache. Walikuwepo, walinipenda, basi. Aliyenichukua ni Shangazi Dorka, dada ya baba, aliyekuwa amepanga chumba kimoja papa hapa Migosi baada ya kumkimbia mume. Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda kimoja tulichogawana kichwa na miguu, cherehani chini ya dirisha, na stovu ya mafuta ya taa iliyokuwa ikikohoa kabla ya kuwaka. Alishona sare za shule. Mpaka leo nikinusa khaki mpya nasikia njaa, maana tulikuwa tukila kwenye meza ileile ya kukatia vitambaa, na omena wetu, wale dagaa wadogo wa ziwani, walikuwa na nyuzi.

Sare hizo aliziuza Pap Onditi siku za soko, na Pap Onditi ndiko kwao, ndiko kwetu. Mama yake alipokuwa hai, Shangazi alikwenda huko, akauza, akalala kwa mama yake bomani, akarudi mjini. Bibi alipofariki, nyumba yake ikaachwa. Nyumba ya marehemu haiwekwi paa jipya, inaachwa ianguke yenyewe, na mvua za masika moja zilitosha kuiangusha. Hapo ndipo Shangazi alipomwendea kaka yake kuomba kona ya kujenga chumba kimoja. Nilikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa udongo, nikichambua omena pamoja na Mama Mkubwa Selina, mke wa Nahashoni, na tulisikia kila neno kwa sababu tulikuwa tumeacha kuchambua.

"Dorka, ukijenga hapa mimi nitaambia watu nini? Wewe uliolewa. Ng'ombe tulikula."

"Ng'ombe mlikula nyinyi. Mimi nilikula ngumi."

"Hayo ni mambo ya huko kwenu."

"Kwetu ni wapi sasa, Nahashoni?"

Mama Mkubwa Selina akarusha omena mmoja kwenye sufuria kana kwamba anamrushia mtu.

"Nyumba ya binti aliyeolewa haisimami ndani ya boma la baba yake," Baba Mkubwa akasema. "Si mimi nilitunga hiyo. Kama ni kazi unataka, leta kibanda cha cherehani, sina shida. Hata kuku ako na kibanda hapa. Lakini kitanda ikiingia, hiyo si kibanda tena. Nyumba ni kitanda."

Tuliporudi mjini nilimuuliza kwa nini asikodi tu chumba pale sokoni, yaishe. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini asikodi mama. "Kila mbuzi wa Nahashoni ana mahali pa kulala pale nilipozaliwa," akasema. "Mbuzi, Awino. Mimi sitaki shamba. Sitaki mti. Nataka kulala chini nikiwa kwetu, kisha niamke nikiwa kwetu. Hiyo tu." Akakata uzi kwa meno. "Na amesema nyumba ni kitanda. Basi tutafute nyumba isiyo na kitanda."

Tuliipata Kisian. Kampuni moja iliyokuwa ikitengeneza barabara ilikuwa imemaliza kazi yake, na uani mwao kulikuwa na karavani ambayo mhandisi wao alikuwa akiishi ndani yake: kijumba cha bati cha rangi ya maziwa, magurudumu mawili, madirisha mawili, mlango mwembamba, cha kufungwa nyuma ya gari na kuvutwa popote. Ndani kulikuwa na mabenchi mawili ya mbao yaliyotazamana, na katikati sakafu tupu. Meza ilikuwa imekwisha kuibwa. Askari mlinzi, mzee mpole aliyevaa koti la mvua kwenye jua, alituonyesha kwa mikono. "Hapa ilikuwa meza, mama. Mchana mzungu anakula, anaandika. Jioni anashusha meza mpaka inakuwa sawa na hizi benchi, anatandika godoro juu, analala kama mfalme." Shangazi akamwomba aseme tena. Akasema tena. Shangazi akanishika mkono akaniminya mpaka kesho yake nilikuwa na alama. "Mchana meza," akasema, na nilijua hiyo nusu nyingine ameiacha kwa makusudi. Kisha akanigeukia. "Wewe umesoma hesabu. Nitafutie mguu."

Masharti yake yalikuwa matatu, na aliyasema tukila mahindi na maharagwe, tunayoyaita nyoyo, huku akinihesabia kwa punje. Meza ikiwa juu isitikisike cherehani inapokimbia. Ikiwa chini ilingane na mabenchi kabisa, isimpe nundu mgongoni. Na isipige kelele, kwa kuwa karavani ingesimama hatua ishirini kutoka kwa dirisha la Nahashoni. Nilisema hilo ni jambo dogo. Kisha, kwa kuwa nilikuwa mvivu wa jua tangu kuzaliwa, nikamwendea fundi wa kuchomelea aliyekuwa nyuma ya ploti yetu, hatua hamsini, badala ya kutembea mjini kutafuta anayejua. Akanitengenezea bomba ndani ya bomba, lenye matundu na pini ya chuma. Tulilijaribu uani. Nilipovuta pini, meza ilianguka kwaa! na jirani akatoka na mtoto mgongoni akiuliza nani amepigwa risasi. Isitoshe, mabomba mawili yakiingiana hayawezi kwenda chini zaidi ya urefu wa bomba moja, jambo ambalo mtu aliyepata alama ya B katika hesabu angelijua kabla hajalipa. Meza iligoma vidole vinne juu ya mabenchi. Shangazi akalala juu yake, akatazama mbingu ya Migosi, akasema, "Awino, hiki ni kitanda au ni kaburi lenye tuta?" Majirani wakacheka. Nami nikacheka. Sasa nikikumbuka sicheki.

Ndipo nikafunga kitambaa nikaenda mjini, kwenye vibanda vya mafundi wa jua kali, kwa mtu aliyeitwa Fundi Salim. Babu yake alikuja Kisumu kutoka pwani enzi za reli, na Salim mwenyewe, ingawa alizaliwa na kukulia hapahapa, alikuwa na Kiswahili kilichonifanya nijisikie nimeingia na viatu msikitini. Kibandani mwake kulikuwa na kila kitu kilichokatwa kutoka kwa kitu kingine. Alianza kwa kunipa mguu wa kiti cha daktari wa meno, wa kupampu kwa mafuta. Ulikuwa mzuri kama bibi harusi. Ukikanyaga unapanda, ukikanyaga upande wa pili unashuka, kimya kabisa. Tuliuweka chumbani siku tatu. Siku ya kwanza Shangazi alianza kushona kola akiwa ameketi wima, na alipomaliza kola ya pili magoti yake yalikuwa yamekaribia kidevu, kwa sababu mguu ulikuwa ukizama polepole, taratibu, kama mtumbwi uliotoboka. "Rudisha," akasema, "kabla sijashonea chini ya sakafu."

Niliporudisha, Fundi Salim alifuta mikono kwa tambara, akanitazama. "Binti, tusizungushane. Mama anataka meza, au anataka kitanda?"

"Meza."

"Meza haina haja ya kunyamaza."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, nimeketi juu ya injini ya lori, mpaka ile ya ng'ombe na ngumi. Hakusema kitu kuhusu mila za watu, alikuwa mstaarabu. Aliokota kipande cha bomba akaanza kukipiga tupa. "Nitamfanyia ushuke kama paka anavyoshuka kabatini," akasema. Na alifanya. Mabomba matatu badala ya mawili, moja ndani ya jingine, ili yakikunjana yawe mafupi kweli. Badala ya pini, kishikio cha pembeni cha kulegeza na kukaza kwa mkono mmoja. Kati ya bomba na bomba, pete za ngozi alizokata kwenye mshipi wake mwenyewe wa zamani, ili chuma kisiguse chuma. Na chini, badala ya kuufunga kwenye sakafu, aliukalisha juu ya dramu ya breki ya lori, nzito kama dhambi, ili meza isimame popote ulipoiweka bila kuyumba. Nilikuwa nimepewa michoro mitatu nichague, na nikachagua huo, na naungama kwamba sikuwahi kujivunia kitu hivyo maishani. Ule mguu niliupandisha na kuushusha mara ishirini kwa siku. Kila mgeni wa Migosi alionyeshwa. Mtu asiye na kazi akipata kitu kimoja anachokijua, anakuwa mgonjwa.

Pikapu ilitoa karavani Kisian, ikapita nayo katikati ya Kisumu watoto wakiifuata, ikaifikisha Pap Onditi. Baba Mkubwa Nahashoni aliizunguka mara mbili. Aligonga bati. Aliinama akaangalia chini, akaingiza kichwa mlangoni, akaona mabenchi mawili, na meza iliyosimama juu ya mguu wake mnene, na cherehani juu ya meza.

"Hii kitu ni gari ama ni nyumba?"

"Unaona kitanda?" Shangazi akamuuliza.

Akatazama tena. "Sawa. Ni kibanda."

Tukaanza kuishi. Nasema kuishi kwa sababu sina neno kubwa zaidi. Jioni tuliondoa cherehani, Shangazi akalegeza kishikio, na meza ikashuka na ule mlio wa ngozi, kama mtu anayekunja shuka mbali nawe. Tulitandika magodoro ya sponji. Tulikula tukiwa tumeketi juu ya kitanda chetu, miguu ikining'inia mlangoni, mboga chungu ya osuga iliyotiwa maziwa, na ng'ombe wakirudi. Alfajiri, kabla hajatoka mtu, meza ilikuwa juu na cherehani imekwisha kuimba. Baba Mkubwa alikuwa akitoka na mswaki wa kijiti mdomoni na kutukuta kazini. Hakuuliza tunalala wapi. Mwanamume wa kwetu haulizi dada yake analala wapi. Ni aibu, na Shangazi alikuwa amejenga nyumba yake juu ya aibu hiyo. Mama Mkubwa Selina naye, bila kuombwa, alikuwa akipaza sauti kila jioni ili dirisha lisikie: "Dorka! Mkeka wako uko hapa jikoni!" Hakukuwa na mkeka wowote. Miezi minne, Shangazi alilala kwao na kuamka kwao. Alinenepa. Alikuwa akiimba nyimbo za utoto akisahau maneno, na aliponiamsha asubuhi alinivuta kidole cha mguu akasema, "Amka, mgeni," kana kwamba yeye ndiye mwenyeji na mimi nimekuja kutembea. Sijawahi kuitwa mgeni kwa furaha kama ile.

Sasa nifike pale ninapochukia. Ilikuwa Jumapili mchana. Mama Mkubwa alikuwa amebaki kanisani kwenye mkutano wa akina mama, na Shangazi alikuwa amebaki naye. Baba Mkubwa alirudi na njaa, akakuta jikoni baridi, akafuata harufu ya samaki wangu. Kwa mara ya kwanza aliingia karavani akaketi. Nilimkaribisha. Nilimletea maji, nikapiga magoti, nikamnawisha kama nilivyofundishwa. Nikaleta ugali, nikaleta ngege mzima kwenye mchuzi wa nyanya, nikaweka mezani. Na hapo nikaona kasoro. Baba Mkubwa ni mtu mfupi, benchi lilikuwa la chini, na meza ilikuwa juu kwa ajili ya cherehani. Sahani ilikuwa imemfika ndevuni. Kwetu chakula cha mzee kinawekwa usawa wa magoti. Tangu nikiwa na miaka sita nilisogezewa vimeza, nikafundishwa kuvisogeza, nikachapwa viganja nilipoviweka vibaya. Mzee hanyoshi mkono juu kama mtoto anayeiba sukari. Sikufikiri. Naapa sikufikiri. Mkono wangu wenye adabu ulikwenda wenyewe kwenye kishikio, ukalegeza, na meza ikashuka na ugali wake na samaki wake, hata mchuzi haukumwagika, mpaka ikalingana na magoti ya mzee. Ikalingana pia na benchi la kulia na benchi la kushoto. Uwanja mmoja, sawasawa, wa kulala watu wawili.

"Karibu, Baba," nikasema.

Alitazama kulia. Akatazama kushoto. "Kumbe inashuka."

Na mimi, mpumbavu wa kidato cha nne, nilitabasamu. "Inashuka, Baba. Bila kelele."

Alikula. Hilo ndilo siwezi kumsamehe hata akifika miaka mia. Hakusimama, hakugomba. Alikula ugali wote, akamchambua ngege mpaka kichwa, akanyonya macho, akaniomba maji, nikapiga magoti tena nikamnawisha. Alikuwa anajua na alikuwa anakula. Kisha akatoka nje, akasimama katikati ya boma na bakora yake, akangoja dada yake arudi kutoka kanisani.

"Dorka! Unalala ndani ya boma langu?"

Shangazi alikuwa na Biblia na mwavuli. Alinitazama mimi kwanza, mlangoni, na sahani yangu. Alielewa. "Boma la baba," akajibu.

"Baba alikufa."

"Sikujua alikufa na mimi pia."

"Nilikwambia, nyumba ni kitanda!"

"Umeona kitanda wapi? Umeona meza. Umekula juu yake sasa hivi, ndevu bado zina mchuzi."

"Meza ya kushuka ni kitanda!"

"Basi umekula juu ya kitanda cha dada yako, Nahashoni. Hiyo nayo mila inasemaje?"

Kulikuwa na watu kwenye ua kufikia hapo, na mmoja wao alicheka, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichotumaliza, maana mzee angeweza kuvumilia kudanganywa lakini si kuchekwa. Mama Mkubwa Selina alijaribu kusema mgeni haambiwi hivyo. Akaambiwa anyamaze, na yeye na mkeka wake. Hukumu ikawa moja: kibanda kibaki kama kinataka, lakini meza isishuke tena. Jumatatu yake alimleta fundi wa kuchomelea kutoka sokoni na jenereta kwenye mkokoteni. Meza ikapandishwa juu kabisa. Fundi akachomelea pale bomba la kwanza linapokutana na la pili, na la pili linapokutana na la tatu, akazunguka na kuzunguka, cheche zikiruka kwenye khaki. Zile pete za ngozi, mshipi wa Fundi Salim, ziliungua. Nilikuwa nikilia waziwazi. Nilitaka Shangazi alaani, atukane, avunje hata kioo kimoja. Alisimama mikono kiunoni akakagua kazi kama anayekagua mshono. "Choma vizuri, baba," akamwambia fundi. "Usiache tundu."

Mimi hakunigombeza. Siku tano alilala kwenye sakafu chini ya ile meza, karibu na dramu, na mimi kwenye benchi, na kila asubuhi nilingoja aniambie neno. Siku ya nne aliniambia moja. Nilikuwa nimepiga magoti kumpa maji ya kunawa. "Simama," akasema. "Magoti yako ndiyo yaliyoniuza." Hakulisema kwa ubaya, alilisema kama mtu anayekuonyesha uzi uliochomoza kwenye sketi. Tangu siku hiyo sijampigia magoti mtu yeyote isipokuwa Mungu, na hata Yeye huwa namwambia magoti yananiuma. Jumamosi alikodi trekta, ikaivuta karavani mpaka sokoni, nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, na hiyo ndiyo ilikuwa safari yake ya pili na ya mwisho. Nyumba ya kutembea iliyosafiri mara mbili tu; inanizidi hata mimi kwa kutotoka. Akaishi humo miaka yake yote iliyobaki, akilala kwenye benchi moja, kwa ubavu, kama kitabu kwenye rafu. Nami nikarudi Migosi nikajifungia na cherehani ya pili, ya kwangu, na huko ndiko nilikobaki.

Nilikwenda kumwona mara chache, kwa aibu na kwa uvivu, sijui kipi zaidi. Kila mara nilimwambia kuna mashine siku hizi za kukata chuma, dakika mbili tu, meza ishuke, alale vizuri mgongo upone. Kila mara alinijibu kitu kilekile huku akishona. "Nahashoni ndiye aliyeichomelea. Nahashoni ndiye atakayeikata." Na Nahashoni alikuwa akipita hapo kila siku ya soko na mbuzi wake. Alimsalimia. Alimletea mpaka suruali za kupunguzwa urefu, na Shangazi alizipunguza.

Jumamosi asubuhi, kabla ya mazishi, nilikwenda na pikapu kuchukua vitu vyake. Vilikuwa vichache. Meza ile niliitoa pamoja na wake za binamu zangu watatu, wakilalamika uzito wa dramu, tukaileta bomani na kuiacha nyuma ya jiko pamoja na sanduku la nguo. Sikuwa na mpango. Watu wakidhani nilipanga, wananisifu bure.

Baada ya kaburi kufunikwa, chakula kikatolewa. Baba Mkubwa aliketi mbele ya nyumba yake kwenye kochi lililotolewa nje, lile la chini lililobonyea, miguu imenyooka, bakora pembeni. Vimeza vilikuwa vimechukuliwa na wageni. Mama Mkubwa Selina, aliyepinda sasa kama kishikio cha mwavuli, akaita, "Awino! Mtafutie baba yako meza." Nilikuwa nimeshika sahani. Niliiweka chini. Nikaenda nyuma ya jiko, nikawaita wale wake watatu, tukaibeba ile meza tukiyumba mpaka mbele ya kochi, tukaiteremsha nayo dramu ikaingia kwenye udongo. Nikaweka ugali. Nikaweka ngege. Sahani ikamfika juu ya macho. Nikamletea maji ya kunawa, nikamnawisha nimesimama.

Alitafuta chakula chake huku na huku. "Hii meza ni ya juu sana, nyathina, mtoto wangu. Shusha kidogo."

"Haishuki, Baba."

"Haishuki?"

"Ilichomelewa."

Watu waliokuwa karibu waliacha kutafuna. Mkono wake ulipanda kwenye bomba, polepole, ukapapasa mpaka ukafika kwenye ule uvimbe wa chuma unaozunguka, na vidole vikasimama hapo. Nilidhani atasema amesahau. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo, nilikuwa na maneno tayari. Badala yake alishika bakora, akajisukuma, akajaribu kuinuka kutoka kwenye lile kochi, mara ya kwanza akarudi, mara ya pili akasimama. Hakuna mtu aliyemsaidia, mimi hasa. Akala amesimama, mzee wa boma, mbele ya watu wote, mkono mmoja ukishikilia ukingo wa meza ya dada yake ili asianguke. Hakumaliza samaki.

Meza sasa iko hapa kwangu Migosi, imejaza sebule, kila mgeni anagonga goti lake kwenye dramu. Jana Baba Mkubwa alipiga simu kwa simu ya mjukuu. Akauliza kama ile meza bado ninayo.

"Ninayo."

"Na ile chuma, bado iko vile?"

"Iko vile. Njoo na msumeno, Baba. Mimi unajua sitoki."

Hajaja bado. Mlango siufungi kwa komeo mchana.